Mkuu wa Jiko kwa Saa Mbili

Solveig Nordlander alirudi kazini siku ya Jumatatu, theluji ya uwanjani ikiwa imeshageuka tope, na kabla hajavua koti alikuwa ameshaambiwa na watu watatu asijichoshe. Wa kwanza alikuwa dada wa mapokezi. Wa pili alikuwa mzee Algot wa chumba cha mwisho, ambaye miaka yote hakuwahi kumwambia neno ila kwamba viazi vimeiva kupita kiasi. Wa tatu alikuwa Jesper, kaimu wake, aliyetoka ofisini na kikombe cha kahawa mkononi akamkumbatia kwa ncha za vidole, kama mtu aliyekabidhiwa trei ya mayai.

"Karibu tena, mama," alisema Jesper. "Taratibu tu. Hakuna haraka."

"Nimekuja kufanya kazi."

"Ndiyo. Taratibu."

Solveig alizaliwa hapo hapo Harsjö, mji wa kiwanda cha mbao kaskazini mwa Uswidi, na mama yake alikuwa mpishi wa wakata magogo. Yeye mwenyewe aliingia katika jiko la nyumba ya wazee akiwa msichana wa kuosha masufuria, akapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka akawa mkuu wa jiko. Na alikuwa mkuu kwelikweli, si wa jina. Nyumba nyingine za wazee katika halmashauri ile zilisalimu amri, zikang'oa majiko yao, zikaanza kuletewa chakula baridi cha kupasha moto, kimefungwa kwenye trei za plastiki, kutoka jiko kuu la Alnäs. Jiko la Solveig lilibaki likichemka. Mkate waliuoka wenyewe. Supu waliianza na mifupa. Mpishi akiugua, Solveig alikuja mwenyewe alfajiri, iwe Jumamosi, iwe Jumapili, na wenzake wakisikia bosi anamenya karoti siku ya Krismasi, nani angethubutu kubaki kitandani? Wakubwa wa halmashauri walikuja, wakala, wakajilamba vidole, wakaahirisha mpango wao wa trei mwaka hadi mwaka.

Kisha asubuhi moja mwili wake uligoma. Alifika uwanjani, akazima gari, akakaa. Gun-Britt, mpishi mkongwe kuliko wote, alipotoka kutupa taka alimkuta bado amekaa, funguo mkononi, na alipoulizwa kulikoni alisema hakumbuki mlango unafunguliwaje. Daktari alisema ameungua kwa ndani kwa kazi nyingi, na kwamba ugonjwa huo hautibiwi kwa vidonge ila kwa kupumzika. Basi alipumzika. Alitembea msituni mpaka akaijua misonobari kwa sura. Alianza kufuma soksi, na hakuwahi kufuma ya pili. Mwaka ulipita, na nusu ya mwingine, ndipo aliporuhusiwa kurudi, na huku hakuna anayerudi kazini kwa mkupuo. Mtu hurudi kwa robo. Saa mbili kwa siku, tangu saa mbili asubuhi hadi saa nne, na asizidishe, maana watu wa bima hawataki kusikia. Akistahimili robo atapewa nusu. Akistahimili nusu, tutaona.

Sasa niambie, ni jiko gani linaongozwa kwa saa mbili? Saa mbili ni muda wa sufuria kubwa kupata moto na vitunguu kukatwa. Lakini Solveig alikubali, kwa sababu alitaka kitu kimoja tu duniani, na kitu hicho kilikuwa jiko lake, lirudi mikononi mwake kama alivyoliacha.

Hakulipata. Alipata keki. Siku ile ya kwanza walimkatia keki ya kijani yenye ua la sukari juu yake, wote wakasimama kuizunguka, Gun-Britt, Ritva aliyetoka Ufini zamani sana, na Dawit, baba wa watoto watatu, aliyejifunza kupika Asmara na akajifunza kupika vyakula vya huku kwa Solveig mwenyewe. Wakampigia makofi. Kisha Solveig akainama kubeba kreti ya kabichi iliyokuwa njiani, na kreti ikamtoka mikononi kabla haijainuka.

"Acha, nitabeba mimi," alisema Dawit.

"Ni kabichi, Dawit. Si jeneza."

"Hata kabichi ina uzito, mama."

Ofisini meza yake ilikuwa ya Jesper. Yeye aliwekewa kiti karibu na dirisha, pamoja na chungu cha maua, mahali ambapo mtu angeweza kukaa vizuri sana akingoja kufa. Aliuliza siku hizi nani anaagiza maziwa. Akaambiwa hilo lisimsumbue. Aliuliza mbona mashine ya kumenya viazi bado mbovu, na ilikuwa mbovu tangu kabla hajaugua. Akaambiwa linashughulikiwa. Aliuliza habari za chakula cha Pasaka, maana Pasaka ilikuwa mlangoni. Jesper alitabasamu na kusema kwamba kila jambo lina wakati wake. Alikuwa kijana mpole, mwenye ndevu za kuchanwa, asiyepandisha sauti hata alipochomwa na mafuta, na Solveig alitamani mara moja tu amwone amekasirika, ili naye apate ruhusa ya kukasirika.

Katika zile saa mbili nusu saa nzima iliondoka na kahawa. Saa tatu na nusu kila mtu aliacha alichokishika, wakakaa mezani na maandazi yao ya mdalasini, na kutokaa ni utovu wa adabu. Solveig alijaribu siku moja kubaki kwenye chumba cha baridi akikagua siagi. Jesper akamfuata.

"Kahawa nayo ni sehemu ya kupona," alisema.

Alipoingia chumba cha kahawa mazungumzo yalikuwa yamewaka. Alipovuta kiti, yakahamia kwenye hali ya hewa. Ritva alisema kutanyesha. Dawit alisema huenda. Gun-Britt alivunja andazi lake vipande vidogo kama anayelisha ndege.

Kwetu tunasema mgonjwa haulizwi uji. Huku huulizwa, tena kwa sauti laini, kisha huletewa uji ule ule waliokwisha amua kumpa. Solveig alikuwa mmoja wao, damu na mfupa, na aliwahi kuwafanyia wengine hivyo hivyo, lakini sasa ilipokuwa zamu yake ya kulishwa alitamani kuutema.

Nyumbani hali haikuwa afadhali. Mumewe, Håkan, fundi wa umeme aliyestaafu mapema kwa sababu ya mgongo, alikuwa ameshaosha vyombo na kuwasha moto kila alipofika.

"Umechoka?" aliuliza.

"Nimechoka kuulizwa kama nimechoka."

"Basi umechoka," alisema Håkan, akampelekea blanketi.

Ilikuwa wiki ya tatu, na Solveig ameshaanza kuyajua maua ya dirishani kama alivyoijua misonobari, ndipo Tore alipofika na viazi. Tore alikuwa mkulima wa ng'ambo ya ziwa, walisoma pamoja, na viazi vya nyumba ya wazee vilikuwa vyake tangu wakati wa baba yake. Alisimamisha gari mlango wa nyuma. Siku hiyo Solveig alimwahi kabla Dawit hajamwona.

"Nimefurahi kukuona umesimama," alisema Tore, akiteremsha gunia. "Basi tumefanya kazi vizuri, mama. Miaka si haba. Lile shamba la juu nimeshamkodisha mtu wa farasi. Mwaka huu napanda vya kula mwenyewe."

"Kwa nini?"

Tore alivua kofia, akajikuna. "Si ndiyo mnafunga?"

"Tunafunga nini?"

"Ala." Akairudisha kofia kichwani. "Mimi simo. Mimi ni mtu wa viazi tu."

"Tore, nimekujua tangu ulipokuwa unakula chaki. Ukinificha na wewe, gunia hili nitakumwagia."

Basi Tore akasema, akitazama matairi yake. Kwamba jiko linafungwa kiangazi. Kwamba chakula kitatoka Alnäs, kwenye trei, kama kwa wengine wote. Kwamba kikao cha mwisho ni Alhamisi hii, na mkuu wa halmashauri anayeshughulika na wazee, yule Pernilla, atakuja mwenyewe kumaliza. Kwamba mji mzima unajua.

"Mji mzima," alisema Solveig.

"Hata Håkan. Nilimpa pole pale kituo cha mafuta. Nilidhani mnaongea, nyinyi."

Solveig alisimama pale mlangoni gari la Tore likiondoka, na aibu ilimpanda kabla ya hasira. Kwa wiki tatu alikuwa akiulizia Pasaka na maziwa, na watu wazima wakimtazama kama mtoto anayeuliza babu atarudi lini. Kisha hasira ikafika, na ilimfaa zaidi. Asiyekuwepo na lake halipo, hilo analijua kila mtu. Lakini yeye alikuwepo, amekaa dirishani pale pale, na lake likauzwa akiwa anaangalia.

Alimkuta Jesper mezani kwake, yaani mezani kwa Solveig.

"Jiko linafungwa?"

Jesper aliweka kikombe chini polepole. "Nani amekwambia?"

"Muuza viazi."

"Ilikuwa tukwambie. Tulikuwa tunatafuta wakati mzuri."

"Wakati mzuri ni upi? Wakishang'oa majiko?"

"Ukifika nusu siku tulitaka tukae nawe kwa utulivu. Tulikubaliana sote tusikubebeshe."

"Sote ni nani?"

"Sote." Masikio ya Jesper yalikuwa mekundu. "Na Solveig, sikiliza, hili jambo halikuanza na mimi. Kama ungetaka nikueleze lilivyo..."

"Sitaki kuelezwa. Nimeelezwa vya kutosha. Alhamisi kikao ni saa ngapi?"

"Saa saba mchana. Lakini wewe saa zako huisha saa nne."

"Saa zangu zitaisha saa nne, na mimi nitabaki. Mgeni haruhusiwi kukaa kwenye kiti?"

Jesper alikichukua tena kikombe chake. Alikuwa na jambo la kusema na hakulisema, na hilo Solveig alikuja kulikumbuka baadaye. Wakati ule aliona tu kijana aliyemnyang'anya kiti, sasa anataka kumnyang'anya na jiko, akawahadaa wapishi wake waliozoea kuongozwa na mtu mwenye uti wa mgongo. Ni nani angewatetea maskini wale, kama si yeye?

Jioni alimkabili Håkan akiwa amelala chali sakafuni ili kunyoosha mgongo.

"Ulijua."

"Nilijua," alisema Håkan.

"Na ukanyamaza."

"Daktari alisema usibebe mizigo."

"Daktari alisema nisibebe mizigo. Hakusema nifanywe mjinga."

Håkan alikaa kitako, na ilimchukua muda. "Kabla hujakwenda huko Alhamisi," alisema, "waulize watu wako kwanza."

"Watu wangu nawajua."

"Ulikuwa unawajua. Waulize."

Aliiona hiyo nayo kuwa pamba nyingine ya kumzungushia asivunjike, akaenda kulala na mgongo wake ameuelekeza kwa mumewe.

Alhamisi ni siku ya supu ya njegere na chapati za maji. Imekuwa hivyo tangu enzi za mababu, na hata huko Alnäs kwenye trei hawajathubutu kuigusa Alhamisi. Solveig alipoingia, jiko zima lilinuka njegere na nyama ya nguruwe, na alivuta harufu ile mpaka tumboni. Gun-Britt alikuwa kwenye sufuria kubwa, akikoroga kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye vifundo vya miguu vilivyovimba, na alimtangulia Solveig kazini na katika umri pia.

"Mdogo wangu," alisema bila kuacha kukoroga, "kabla ya kile kikao kaa nami kidogo."

"Baada ya kikao, Gun-Britt. Nakusanya maneno yangu."

"Kidogo tu."

"Usiogope," alisema Solveig, akamshika bega. "Nitawasemea."

Gun-Britt alimtazama, kisha akaitazama supu. "Haya," alisema.

Kikao kilikuwa katika chumba cha kulia, wazee wakiwa wameshakula na kwenda kujinyoosha. Pernilla alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kulaza mtoto. Alianza kwa kusema jinsi ilivyo vizuri kumwona Solveig, na kwamba asijisikie analazimika kukaa mpaka mwisho. Kisha akasema watazunguka meza, kila mmoja aseme lake, kama ilivyo desturi. Na desturi ile ni kitu kizito kuliko sheria. Kila mtu hupewa zamu, hakuna anayemkata mwenzake, na jambo lisilopingwa mpaka duara linapofungwa limepita. Hakuna kupiga kura, hakuna kugombana. Watu hurudi nyumbani wakiwa wamekubaliana, hata kama hakuna anayejua ni nani hasa aliyekubali.

Jesper alianza. Alisema mpango una mazuri yake na mabaya yake, na kwamba yeye anaheshimu kila upande. Jesper angeweza kuheshimu pande zote za mpira.

Zamu ikamfikia Dawit. Alikuwa ameikunja kofia yake ya jikoni mikononi. "Mimi kwa upande wangu," alisema, "nafikiria zile Jumapili. Mtoto wangu mdogo, unajua, Jumapili ndiyo siku..."

"Naomba niseme," alisema Solveig.

Kila mtu alimgeukia. Huwezi kumkata mtu katika duara. Afadhali ukojoe kwenye sufuria. Lakini Solveig alikuwa ameshasimama, ameshika ukingo wa meza, na maneno aliyoyakusanya yalikuwa yameshafika mdomoni yote kwa pamoja.

Alisema wazee hawana tena mengi ya kungojea katika siku, na kwamba saa ya chakula huanza puani, saa moja kabla ya meza, na trei haina harufu. Alisema mzee Algot hamkumbuki tena mwanawe lakini anajua kwamba leo ni Alhamisi, na anajua kwa sababu ya njegere. Alisema amewaona watu wa nyumba nyingine wakilishwa viazi vyenye ladha ya mfuniko. Alisema kwamba yeye alilipa kwa afya yake ili jiko hili lisizimwe, na wakilizima sasa, akiwa amekalishwa dirishani na maua, basi aliugua bure. Sauti ilimkatika hapo. Machozi yalikuja, naye hakuyapangusa.

"Mimi ndiye mkuu wa jiko hili," alisema. "Nasema hapana. Na wenzangu hawa nao wanasema hapana, ila nyinyi mmewazoesha kunyamaza."

Akakaa. Pernilla alingoja, kama inavyopasa.

"Asante, Solveig. Hayo yametoka moyoni." Akatazama meza, mmoja mmoja. "Kuna mwenye maoni tofauti? Dawit, wewe ulikuwa unasema."

Dawit alimtazama Solveig, mashavu yake mabichi. "Hapana," alisema. "Nilikuwa nimemaliza."

"Ritva?"

Ritva alitikisa kichwa.

"Gun-Britt?"

"Sina neno," alisema Gun-Britt.

"Basi," alisema Pernilla, na mtu angedhani ameona nafuu, maana hakuna kinachowachosha wakubwa wa huku kama kufunga kitu. "Mkuu wa jiko akipinga, na wafanyakazi wakiwa nyuma yake, siwezi kulipeleka pendekezo hili mbele. Jiko linabaki."

Ndipo Solveig alipoyapangusa machozi, kwa furaha. Alikuwa amerudi. Hakurudi kwa robo wala kwa nusu; amerudi mzima, kwa sentensi moja, na jiko lilikuwa lake. Kimya cha wale watatu alikisoma kuwa ni ndiyo, yeye aliyezaliwa na kulelewa katika kimya hicho na aliyepaswa kujua kwamba kina maana zaidi ya moja.

Walitawanyika haraka. Hakuna aliyemkumbatia, na kwanza hakulitilia maanani. Alimsindikiza Pernilla mpaka kwenye gari, wakaagana, kisha akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma. Gun-Britt alikuwa peke yake, ameinama ndani ya sufuria ya supu, anaisugua.

"Tumeshinda," alisema Solveig.

"Nani ameshinda?"

"Sisi. Jesper na mpango wake..."

"Jesper?" Sauti ya Gun-Britt ilitoka ndani ya sufuria. "Jesper hawezi kuomba hata chumvi apitishiwe." Akainuka, mkono kiunoni. "Tuliomba sisi. Mimi, Ritva na Dawit. Tulimwendea Pernilla kabla ya Krismasi, kwa miguu yetu, tukamwambia lete hizo trei."

Solveig alitaka kucheka. "Nyinyi?"

"Sisi."

"Kwa nini?"

"Tumechoka."

"Mmechoka na nini? Mmekaa mwaka mzima na Jesper, hata haraka hajui ni nini."

"Hapo ndipo tulipojua. Alitupunguzia kidogo, tukalala Jumapili mbili tatu, miguu ikaanza kuuma. Huko nyuma haikuuma, hatukuwa na nafasi ya kuisikia." Gun-Britt aliongea bila ukali, kama anayetaja bei ya samaki. "Tulichoka kabla yako, Solveig. Wewe ulipoanguka ulipata daktari na msitu wa kutembea. Mimi nilipata zamu zako."

"Sikumlazimisha mtu kuja."

"Hukumlazimisha. Ulikuja mwenyewe alfajiri, ukatupigia simu kusema uko hapa, huku maji yanachemka tunayasikia. Hiyo si kulazimisha?"

"Mbona hamkusema mezani? Nilikuwa pale. Pernilla aliwauliza kwa majina."

"Tuseme mbele ya nani? Mtu wa saa mbili, analia, ameshika meza? Dawit aliniambia tulipotoka tu, mama akianguka tena mimi sitaki iwe juu yangu. Ritva naye hivyo hivyo. Nani ampinge mgonjwa?"

"Mimi si mgonjwa."

"Basi usingeutumia ugonjwa."

Hapakuwa na hasira katika neno hilo, na pengine ndiyo sababu liliingia ndani kabisa. Solveig alishika ukingo wa sinki. Wiki tatu nzima alikuwa akiomba kimoyomoyo apate mtu mmoja, mmoja tu, wa kumwambia jambo bila kulifunga kwa pamba.

"Asubuhi nilikuomba ukae nami," alisema Gun-Britt.

"Nilidhani unaogopa."

"Niliogopa. Nilikuogopa wewe."

Dirishani gari la Pernilla lilikuwa bado uwanjani. Pernilla alikuwa amekaa ndani na mlango wazi, anaongea na simu, mguu mmoja nje. Kulikuwa na hatua chache tu za tope. Mtu angeweza kutoka bila koti, akagonga kioo, akasema nilikosea, waulize tena mimi nisipokuwepo. Solveig alilitazama gari lile. Aliwaza trei. Aliwaza jiko limezimwa, vifuniko vimewekwa juu ya majiko, na Alhamisi isiyonuka kitu. Mimi sitamsemea. Nafasi alikuwa nayo, na muda alikuwa nao, na hakutoka. Pernilla aliuingiza mguu ndani, akafunga mlango, akaondoka.

Gun-Britt naye alikuwa akitazama. Alipoona gari limepinda barabarani alifunga bomba la maji.

"Ritva ameshamwambia Jesper anakwenda Alnäs," alisema. "Kule wanatafuta watu, na Jumapili hawafanyi kazi. Dawit ameomba namba yao. Mimi nitakaa mpaka Pasaka, kwa ajili ya Algot na wenzake. Baada ya hapo miguu basi."

"Na Jesper?"

"Jesper alikuwa kaimu. Mkuu amerudi, kaimu anakwenda zake."

Jiko lilikuwa safi, kubwa, na tupu. Solveig alilizungusha macho yote, sufuria zilizoning'inia, meza ya unga, ile mashine mbovu ya viazi.

"Nani anafungua kesho alfajiri?" aliuliza.

Gun-Britt alijifuta mikono, kidole baada ya kidole. Akamtazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu Solveig arudi, hapakuwa na huruma hata chembe katika macho ya mtu anayemtazama.

"Wewe ndiye mkuu wa jiko," alisema Gun-Britt. "Panga zamu."